Bwana Speke na Maumivu ya Uso

Wengi wetu twalijua jina la Bwana John Hanning Speke kwa sababu ya ziwa Nyanza. Mimi nataka kueleza habari za uso wake.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1827, akawa askari Bara Hindi. Juni 1857 yeye na Bwana Richard Burton walishuka Kaole, karibu na Bagamoyo, wakashika njia ya bara. Februari 1858 wakafika Ujiji, Speke akiwa haoni vizuri kwa maradhi ya macho.

Mwezi wa Machi alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi kutafuta jahazi. Usiku mmoja kisiwani, baada ya tufani, aliwasha mshumaa hemani, wadudu wakajaa. Mmoja akamwingia sikioni, akaanza kuchimba. Speke akatia siagi iliyoyeyushwa, haikufaa. Akamchokoa kwa kisu. Mdudu akafa, lakini sikio likajeruhika. Uso ukavimba na kupinda upande, majipu yakamtoka mpaka begani. Siku kadhaa hakuweza kutafuna, akaishi kwa mchuzi. Miezi mingi sikio lile lilikuwa karibu kiziwi, na kila alipopenga kamasi lilipiga mluzi. Katika hali hiyo aliliona Nyanza tarehe 3 Agosti 1858. Februari 1859 wakarudi pwani, wakatokea Konduchi. Alikufa mwaka 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe.

Basi, maumivu ya Speke yalionekana: uvimbe ulikuwapo, majipu yalikuwapo. Bibi yangu wa Bagamoyo hana uvimbe. Akinawa uso au akitafuna, hushtuka ghafula kama aliyepigwa na umeme, kisha hunyamaza. Mimi nilidhani anadeka. Aling'olewa meno mawili mazima, wala hakupona.

Baadaye daktari alitueleza. Kila upande wa uso una mshipa mkubwa wa fahamu wenye matawi matatu: la paji na jicho, la shavu, na la taya. Mara nyingi mshipa wa damu huugandamiza karibu na ubongo, nao hupeleka habari ya maumivu ingawa hakuna kidonda. Ziko dawa za kuutuliza, na wengine hupasuliwa.

Ugonjwa wa Bibi si ule wa Speke, bali maumivu ni maumivu. Siku hizi akinyamaza mezani, namkorogea uji mwepesi, wala simwulizi kwa nini hali.