Gakaara wa Wanjau: Mwandishi aliyefungwa kwa kuwapa wananchi vitabu

KATIKA vijiji vya Embu, kama ilivyokuwa kwa majirani wao Wakikuyu, waumini wa kwanza wa dini ya Kikristo waliitwa athomi, yaani wasomaji. Jina hilo lilishika mizizi baada ya wamishonari wa shirika la CMS kufungua kituo cha Kigari mwaka wa 1910, miaka minne tu baada ya majeshi ya Waingereza kuwashinda Waembu. Kuongoka kulimaanisha kushika kitabu, na aliyekishika alitarajiwa kuwasomea wenzake ambao hawakuzijua herufi.

Hata hivyo, vitabu vyenyewe vilikuwa haba. Palikuwa na Maandiko Matakatifu, nyimbo za kanisani na vitabu vya kufundishia watoto kusoma. Isitoshe, havikuwa katika Kiembu. Msomaji wa Embu alitumia vitabu vya Kikuyu, likiwemo Agano Jipya lililotoka mwaka wa 1926, kwa kuwa lugha hizo mbili zinakaribiana kiasi kwamba mzungumzaji wa mojawapo hamhitaji mkalimani ili kuielewa nyingine. Aliyetaka kusoma habari za mapenzi, za ndoa, za kazi na mishahara duni, au za ardhi iliyotwaliwa na walowezi, hakuwa na pa kugeukia.

Mtu aliyejitwika jukumu la kuliziba pengo hilo ni Gakaara wa Wanjau, mwandishi, mchapishaji na muuzaji vitabu aliyefariki mwaka wa 2001. Kwa zaidi ya nusu karne alishikilia imani moja: kwamba mwananchi wa kawaida atasoma, tena atasoma kwa raha na kumpa jirani yake asome, iwapo kitabu kitakuwa chembamba, cha bei nafuu na kilichoandikwa kwa lugha anayoiota usingizini. Imani hiyo ilimgharimu takriban miaka minane ya kizuizini.

Gakaara alizaliwa mwaka wa 1921 huko Tumutumu, Nyeri, mahali palipokuwa na kituo kikubwa cha kanisa la Presbyterian. Baba yake, Johana Wanjau, alikuwa mhubiri wa kanisa hilo. Kwa hivyo kijana huyo alikulia miongoni mwa vitabu, jambo ambalo watoto wachache wa Kiafrika wa enzi hizo wangeweza kujivunia. Alifaulu kujiunga na Shule ya Upili ya Alliance, iliyokuwa kilele cha elimu kwa Waafrika nchini.

Masomo yake hayakufika mwisho. Mwaka wa 1940, mwaka ambao Carey Francis alichukua usukani wa Alliance, kulizuka mgomo wa wanafunzi, na Gakaara akawa miongoni mwa waliofukuzwa. Aliingia jeshini wakati Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokuwa vimepamba moto, akahudumu kama karani nchini Ethiopia. Kama ilivyowatokea Waafrika wengi waliovaa sare za Mwingereza, alirejea nyumbani akiwa na maswali kuhusu haki ambayo yeye na wenzake waliambiwa wanaipigania ugenini huku wakinyimwa kwao.

Mwaka wa 1946 alichapisha kitabu chake cha kwanza, Uhoro wa Ugurani, kinachohusu masuala ya uchumba na ndoa. Wakati huo vijana walikuwa wakitatizwa na mahari na gharama zake, na kila familia ilikuwa na maoni kuhusu jambo hilo. Gakaara alikuwa ametambua siri ambayo wachapishaji wengi hawajaitambua hadi leo: mtu husoma kwanza lile linalomkera au kumfurahisha nyumbani kwake.

Kazi ya kitabu kama hicho haikukomea kwa mnunuzi. Utamaduni wa kusomeana ulikuwa umezoeleka tangu mwaka wa 1928, lilipoanzishwa gazeti la Muigwithania ambalo Jomo Kenyatta alikuwa mhariri wake wa kwanza, na ulizidi kukua chini ya Mumenyereri la Henry Muoria baada ya mwaka wa 1945. Nakala moja ilimfikia mtu mmoja anayejua kusoma, naye aliwasomea kwa sauti watu waliomzunguka. Ni kosa, basi, kupima idadi ya wasomaji wa enzi hizo kwa nakala zilizouzwa.

Aidha, Gakaara hakujifungia katika lugha ya kwao pekee. Mwaka wa 1948 alitoa kijitabu kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Lengo lake lilikuwa kuwahimiza Waafrika wasimame imara dhidi ya unyonge waliotwikwa. Kwa kuchagua Kiswahili, alikuwa akiwalenga wafanyakazi wa makabila yote waliokutana mijini na katika mashamba ya walowezi. Lugha ya mama ilikuwa ya kuwafikia watu wa nyumbani, na Kiswahili kilikuwa cha kuwafikia ndugu wa mbali.

Kufikia mwaka wa 1952 joto la siasa lilikuwa limepanda. Nyimbo za kudai ardhi na uhuru zilichapishwa katika vijitabu na kuimbwa kwa mahadhi ya tenzi za kanisani ambazo kila mthomi alizijua. Gakaara alikuwa miongoni mwa waliovichapisha vijitabu hivyo. Yeye mwenyewe alitunga Imani ya Gikuyu na Mumbi, andiko fupi lililofuata muundo wa Imani ya Mitume inayokaririwa kanisani, ila likakiri imani katika ardhi na watu wake. Kwa mtoto wa mhubiri, hilo halikuwa jambo dogo. Serikali ya kikoloni iliona mara moja hatari ya andiko ambalo watu wangeweza kulihifadhi kichwani hata nakala zake zikichomwa moto.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Gakaara alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutiwa mbaroni. Hakukamatwa na bunduki wala panga. Silaha yake ilikuwa karatasi. Mkewe, Shifra Wairire, pia alionja machungu ya kuwekwa kizuizini.

Embu haikunusurika. Wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Kati, na wakazi wake waliwekwa katika kundi moja na Wakikuyu na Wameru chini ya sheria za hali ya hatari. Magazeti ya lugha za wenyeji yalipigwa marufuku. Shule za kujitegemea za chama cha KISA, zilizokuwa zimeenea hadi Embu na ambazo wazazi walizijenga kwa jasho lao, zilifungwa. Mahali palipokuwa pakizalisha wasomaji paligeuka kuwa pa kutiliwa shaka, na kukutwa na kijitabu cha nyimbo kungeweza kumponza mtu. Huko Mwea, ambako wakati huo kulikuwa ndani ya Wilaya ya Embu, zilijengwa kambi ambamo maelfu ya wafungwa walipitia, na mifereji ya mashamba ya mpunga yanayosifika hadi leo ilianza kuchimbwa kwa mikono yao.

Gakaara alihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine. Alipitia Kajiado, Kisiwa cha Manda karibu na Lamu, Athi River na Hola. Ajabu ni kwamba kambi, zilizokusudiwa kuwanyamazisha wasomaji, ziligeuka kuwa madarasa. Wafungwa waliojua kusoma na kuandika waliwafundisha wasiojua, wakaandikiana barua na kuwasilisha malalamiko yao kwa wakuu wa serikali. J. M. Kariuki naye alisimulia maisha ya kambini katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka wa 1963.

Katika mazingira hayo Gakaara aliweka shajara kwa siri, kwa lugha ya Kikuyu. Alinakili majina ya wenzake, tarehe za kuhamishwa, adhabu walizopewa na barua walizoandika. Alijua kwamba historia ya mfungwa, asipoiandika mwenyewe, itaandikwa na askari wa zamu. Akiba haiozi, na kumbukumbu hizo zilisubiri zaidi ya miongo miwili kabla ya kuuona mwanga wa jua.

Baada ya kuachiliwa, aliirudia kazi yake kana kwamba alikuwa ameiweka kando jana. Alianzisha biashara ya uchapishaji mjini Karatina, mji wenye soko linalovutia wachuuzi kutoka pande zote za Mlima Kenya. Uamuzi huo ulikuwa na maana yake. Wakati wachapishaji wakubwa walikuwa Nairobi, wakitazamia zabuni za vitabu vya shule, yeye aliweka mtambo wake karibu na mkulima anayeuza viazi na ndizi. Alichapisha jarida lililoitwa Gikuyu na Mumbi, vitabu vya kufunza sarufi na maendelezo ya Kikuyu, na visa vya kuchekesha vya mhusika wake maarufu, Wa-Nduuta, ambaye kupitia kwake aliwakejeli wenye mamlaka na vituko vya Kenya huru.

Haikuwa kazi ya kumtajirisha mtu. Shule zilitukuza Kiingereza, na wazazi waliokuwa na senti za kununua kitabu walinunua kile kitakachotahiniwa. Lakini mwaka wa 1980 Ngugi wa Thiong'o, baada ya kutoka kizuizini, alichapisha riwaya yake Caitaani Mutharaba-ini kwa Kikuyu, na mjadala kuhusu lugha ya fasihi ya Kiafrika ukashika kasi. Wasomi waliotazama nyuma waligundua kwamba mzee mmoja wa Karatina alikuwa akifanya tangu mwaka wa 1946 kile walichokuwa wakikijadili kwenye makongamano.

Shajara ya kizuizini ilichapishwa na Heinemann mwaka wa 1983 kwa jina Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini. Mwaka uliofuata ilitunukiwa Tuzo ya Noma, tuzo ya vitabu vilivyochapishwa barani Afrika iliyofadhiliwa kutoka Japani. Gakaara aliigawana na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka wa 1988. Chanda chema huvikwa pete, japo pete hii ilichelewa.

Heshima hiyo haikumkinga. Mwaka wa 1986, serikali ilipokuwa ikiwasaka waliodaiwa kuwa wafuasi wa kundi la siri la Mwakenya, Gakaara alikamatwa tena, akiwa na umri wa miaka 65. Serikali mbili, moja ya wageni na nyingine ya wenyeji, zilimwogopa mtu yule yule kwa sababu ile ile.

Alipoaga dunia mwaka wa 2001, aliacha orodha ndefu ya vitabu, vingi vikiwa vijitabu vyembamba vya jalada la karatasi. Hapo ndipo penye uchungu. Kitabu kinachopitishwa mkono kwa mkono hutimiza wajibu wake, lakini huchakaa, kikapotea. Kile kilichompa Gakaara wasomaji wengi ndicho kilichofanya nakala zake za mwanzo kuwa adimu.

Kwa Embu, maisha yake yana funzo la karibu zaidi. Vizazi vya wasomaji wake vilijifunza kupenda vitabu kupitia lugha ya jirani. Katika miaka ya 1970 mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alichukua hatua muhimu alipokusanya masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere na kuyachapisha, kwani bila kazi hiyo mengi yangezikwa na wenyewe. Hata hivyo, vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, na bibi aliyesimulia hadithi huenda hakuweza kuisoma hadithi yake mwenyewe.

Sera ya elimu ya Kenya inataka mtoto wa madarasa ya chini afunzwe kwa lugha ya mahali anapoishi. Sera haisomwi kando ya moto jioni, kitabu ndicho husomwa. Gakaara hakungoja sera wala mfadhili. Aliandika, akachapisha, akabeba hadi sokoni, na akawaachia wasomaji kazi ya kupokezana.