Bingwa wa Nyuki Aliyenyimwa Maabara

Kila nisikiapo kijana achekwa kwa kwenda chuo kikuu kusomea wadudu, humkumbuka marehemu Charles Henry Turner, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Cincinnati mwaka 1867. Chuo Kikuu cha Chicago kilimpa shahada ya udaktari mwaka 1907, kwa utafiti wa jinsi sisimizi warudivyo kwao. Vyuo vikubwa vya utafiti havikumwajiri. Rangi yake ilimponza. Tangu 1908 alisomesha shule ya sekondari, St. Louis. Bila maabara, alikwenda bustanini na vipande vyekundu vyenye asali. Nyuki wakazoea, wakaviendea vyekundu hata visipokuwa na asali. Hivyo mwaka 1910 alihitimisha kuwa waona rangi. Sisi wasomaji wa Suratun-Nahl twapaswa kumjua. Alifariki 1923.