Tom Mboya, Aliyefungulia Wengine Mlango

Mara hii tumechagua kuwasimulia maisha ya Tom Mboya wa Kenya. Juu ya nini yeye? Sababu kila mwaka, mtihani wa Taifa ukikaribia, wenzetu wa mwaka wa sita wanaanza kuulizana habari ya burse, ndiyo msaada wa kwenda kusoma mbali. Tena wengi wetu ni watoto wa wazazi ambao hawakuingia chuo kikuu hata siku moja. Mboya alikuwa mtoto wa namna hiyo.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ndani ya shamba kubwa la mkonge la mzungu. Wazazi wake walikuwa Waluo, na kwao ni kisiwa cha Rusinga katika ziwa Victoria. Baba yake alifanya kazi ya mkonge, na mshahara ulikuwa kidogo sana. Yeye mwenyewe hakupata masomo, lakini alitaka mtoto wake asome. Tom alipita katika shule za misioni ya Kikatoliki, na mwisho alifika shule ya Mang'u. Mwaka 1947 alisimama hapo. Akili haikumpunguka, ila feza za baba zilikuwa zimekwisha, na wadogo zake nao walikuwa wakingoja zamu yao.

Kijana hakukaa nyumbani kulia. Alitafuta masomo yasiyomlemea baba, akaingia shule ya wakaguzi wa afya karibu na Nairobi mwaka 1948. Toka 1951 alifanya kazi hiyo katika mji wa Nairobi. Pale aliona kwa macho yake kwamba mzungu mwenye kazi ile ile analipwa zaidi sana. Basi akaanza kukusanya wafanyakazi wenzake katika chama, na mwaka 1953, akiwa hajatimiza hata miaka 25, alikuwa sekretari mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya.

Ndipo burse ilimfikia yeye pia. Kwa msaada wa wafanyakazi wa Uingereza alikwenda Ruskin College, mjini Oxford, mwaka 1955. Alisoma mwaka mmoja tu mambo ya siasa na ya kazi, kisha akarudi kwao. Digri ya chuo kikuu hakuipata kamwe. Tukumbuke jambo hilo, maana mtu huyu aliyewatafutia wengine digri hakuwa nayo mwenyewe.

Wakati ule mtoto wa Kenya aliyemaliza shule hakuwa na milango mingi. Kulikuwa Makerere kule Uganda, na nafasi chache huko Uingereza. Mboya alijiuliza: siku ya uhuru ikifika, nani atafanya kazi katika ofisi, hospitali na mashule? Sisi Wakongomani tunajua uzito wa ulizo hilo. Tarehe 30 Juni 1960, inchi yetu ilipopata uhuru, watu wetu waliomaliza chuo kikuu hawakufika hata 30. Mboya na Patrice Lumumba walikuwa pamoja Accra mwezi wa Desemba 1958, katika mkutano mkubwa wa watu wa Afrika. Mboya ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano ule.

Mwaka 1959 alikwenda Marekani, akazunguka toka chuo mpaka chuo akisema mbele ya watu. Hakuomba feza tu, aliomba nafasi za masomo. Rafiki yake William Scheinman, mfanyabiashara, alisaidia kuunda shirika la kulipa safari. Watu wenye kujulikana sana, kama Jackie Robinson wa mchezo wa besiboli, na Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia majina yao kwa kuomba michango. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ilifika New York na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata feza za ndege zilikosekana, na Mboya akakwenda kumwona John Kennedy, aliyekuwa bado seneta. Shirika la jamaa ya Kennedy likatoa dola 100,000. Mpaka 1963 karibu vijana 800 walisafiri, wa Kenya na wa inchi za jirani.

Lakini tusidhani kwamba mambo yote yalishuka toka Marekani. Chuo kilitoa nafasi na shirika lilitoa tiketi, lakini feza za kula na za mavazi zilibaki mzigo wa jamaa. Kwa hiyo vijiji vilifanya karamu za chai, watu wakachanga senti kwa senti, na wengine wakauza mbuzi. Mtoto mmoja alisafiri juu ya mabega ya watu wengi. Huko alikuta baridi asiyoizoea, ubaguzi wa rangi, na kazi ya kuosha vyombo jioni ili aongeze feza. Wakubwa wa ukoloni nao walisema vyuo vile ni vya chini.

Matunda yaliwajibu. Wangari Maathai, binti wa kijiji kimoja cha Nyeri, alikwenda katika safari za 1960, akasoma elimu ya viumbe huko Kansas, akarudi kwao. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wengine wengi walirudi, wakawa waalimu, waganga na wakubwa wa serikali.

Mboya alikuwa waziri katika serikali ya uhuru, na wengi walidhani siku moja ataongoza inchi. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi mjini Nairobi, akitoka katika duka la dawa. Alikuwa na miaka 38. Alizikwa Rusinga, kwa baba zake.

Wenzetu, tunajifunza nini? Katika Ituri yetu wengine wamepoteza nyumba juu ya vita, na wazazi wao wanalipa shule kwa shida. Burse ni chache. Mwenye kuitaka aanze mapema: aangalie alama zake, atunze makaratasi yake, aulize walimu, aandike barua mwenyewe. Tena asidharau milango iliyo karibu, maana leo hapa hapa Bunia kuna vyuo vikuu, ambavyo baba zetu hawakuviona wakiwa vijana.

Na yule atakayekuwa wa kwanza kwao kuingia chuo kikuu, asiseme nimefika peke yangu. Nyuma yake kuna mama aliyeuza mihogo sokoni na kaka aliyeacha masomo ili yeye aendelee. Mboya alipata mwaka mmoja tu, na kwa mwaka ule mmoja alitafutia wengine miaka mingi. Sisi tutakaopata mitatu au mitano, wadogo zetu watatuuliza tumeitumia namna gani.