Kawawa: alitetea mgomo, kisha akaubana

Nilipomaliza fomu foo nilipata kibarua cha msimu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bunda (jina nalihifadhi). Malipo yakachelewa wiki tano. Vijana tukataka kugoma, mzee mmoja akatuzuia, eti kwanza tujue sheria. Ndo nikaanza kumfuatilia Rashidi Mfaume Kawawa.

Jamaa alizaliwa 1926 kule Songea, akasoma Tabora, akaajiriwa serikalini. Mkoloni hakutaka watumishi wake wafanye siasa, basi Kawawa akaacha kazi. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoundwa 1955, yeye ndo akawa Katibu Mkuu wa kwanza. Wapagazi, makuli, wafanyakazi wa mashambani, wote wakapata pa kusemea, na mgomo ndo ulikuwa silaha yao.

Sasa sikilizeni. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Mwalimu, huyu jirani yetu wa Butiama, aliacha Uwaziri Mkuu akaenda kukijenga chama. Kiti akampa Kawawa. Mwaka huohuo serikali ya Kawawa ikapitisha sheria iliyofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Hoja yao: nchi changa na maskini haiwezi kusimamisha kazi kila siku. Kasanga Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli alipinga, akaishia kizuizini. Baada ya maasi ya jeshi ya 1964, TFL yenyewe ikafutwa, ikaja NUTA, ambayo Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais!

Tusimwonee mzee. Alikuwa Makamu wa Rais, akarudi kuwa Waziri Mkuu 1972, na 1977 akashuka kuwa Waziri wa Ulinzi bila kununa. Vita vya Kagera vilimkuta hapo. Alifariki 31 Desemba 2009, watu wakimwita Simba wa Vita.

Ila mimi nimekaa na swali. Leo sheria ya 2004 inaruhusu mgomo kwa kufuata taratibu, lakini pale kiwandani hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaijua. Tulilipwa nusu, tukatawanyika. Chama kikishazoea kuongozwa na serikali, kibarua wa Bunda atamlilia nani?

Naomba kuwasilisha. Wadau wa Musoma na Butiama, mwageni maoni hapo chini, matusi hapana.