Neville Chittick: Mchimbaji wa Manda na Suala la Chimbuko la Miji ya Waswahili

Miongoni mwa wanaakiolojia walioishughulikia pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 20, Hubert Neville Chittick ana nafasi ya pekee. Ripoti zake zingali zinarejelewa na kila anayeitafiti historia ya Waswahili, hata na wale wanaopinga vikali hitimisho lake.

Mwingereza huyu alizaliwa mwaka 1924. Baada ya kufanya kazi nchini Sudan, aliteuliwa mwaka 1957 kusimamia mambo ya kale ya Tanganyika. Mwaka 1961 alikabidhiwa uongozi wa Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, akaushika hadi mwaka 1983. Ni yeye pia aliyeasisi jarida la Azania mwaka 1966.

Kazi iliyomjengea jina ni uchimbaji wa Kilwa Kisiwani, ambao matokeo yake yalichapishwa katika juzuu mbili mwaka 1974. Huko aliipima Tarihi ya Kilwa kwa ushahidi wa sarafu, majengo na vigae. Hakuyakubali masimulizi jinsi yalivyo, bali alidai kuwa watawala Washirazi walianza kutawala Kilwa mwishoni mwa karne ya 12, na kwamba walitokea pwani ya Banadiri wala si moja kwa moja Shirazi. Hata hivyo, hazina ya sarafu iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilidhihirisha kwamba Ali bin al-Hasan alitawala mapema zaidi, katika karne ya 11.

Kuanzia mwaka 1966 Chittick alielekea Manda katika funguvisiwa la Lamu. Alifukua mabaki ya mji wa karne ya 9, wenye kuta za bahari zilizojengwa kwa mawe makubwa ya matumbawe. Aliyakuta pia matofali ya kuchoma, ambayo inadhaniwa yaliletwa na majahazi kama farumi, pamoja na mavi ya chuma yanayothibitisha kuwa wakazi walikuwa wafua chuma. Vigae vya magudulia ya Ghuba ya Uajemi vilikuwa vingi kuliko kawaida ya pwani, na vingine vilitoka mbali hadi Uchina.

Wingi huo ndio uliomshawishi. Aliamini kwamba Manda ilianzishwa na wahamiaji wa Ghuba, waliokuja na ufundi wao wa ujenzi na biashara. Lakini hata Manda sehemu kubwa ya vigae ilitokana na vyungu vya kienyeji, vilivyotiwa nakshi za pembetatu kabla ya kuchomwa. Vyungu vya aina hiyo vimepatikana kwingi pwani na bara pia, mahali ambapo hapana wa kumdhania mgeni wa Ghuba.

Pingamizi kubwa lilitoka kisiwa jirani cha Pate. Mark Horton, aliyechimba Shanga katika miaka ya 1980, aligundua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8, wa awali ukiwa wa miti na wa baadaye wa mawe. Mji ulikua hatua kwa hatua mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear nao walionyesha kwa ushahidi wa isimu kwamba Kiswahili ni tawi la Kibantu cha Sabaki. Chittick hakuwahi kuwajibu, kwani alifariki mwaka 1984, mwaka uleule kilipochapishwa kitabu chake kuhusu Manda.

Mjadala haukufungwa hapo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha mifupa ya makaburi ya kale yakiwemo ya Manda, ulibainisha nasaba ya Kiafrika iliyotokana zaidi na wanawake, na ya Kiajemi iliyotokana na wanaume, zikianza kuchanganyika takribani mwaka 1000. Hivyo, wageni walikuwepo kweli, lakini walioa katika jamii ambayo tayari ilikuwa na miji, mafundi na lugha yake.

Ni dhahiri basi kwamba Chittick alikosea katika kufasiri, si katika kukusanya. Alivirekodi vigae vya kienyeji kwa uangalifu uleule aliovirekodi vya kigeni, na kwa sababu hiyo waliomfuata waliweza kumkosoa kwa kutumia ushahidi wake mwenyewe. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, huo ndio urithi wake ulio mkubwa zaidi.