Ludwig Mond

Ludwig Mond (Kassel, leo nchini Ujerumani, 7 Machi 1839 – London, Uingereza, 11 Desemba 1909) alikuwa mwanakemia na mwenye viwanda. Anajulikana hasa kwa njia yake ya kusafisha nikeli na kwa kampuni ya Brunner Mond iliyotengeneza magadi soda. Pamoja na Carl Langer alikuwa kati ya watu wa kwanza waliojaribu kutoa umeme kutoka gesi ya makaa ya mawe kwa kutumia seli ya fueli.

Maisha ya awali

Mond alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Alisoma kwanza mjini Kassel, halafu kwenye Chuo Kikuu cha Marburg chini ya Hermann Kolbe na kile cha Heidelberg chini ya Robert Bunsen. Aliondoka bila kupata shahada, akaingia kazini viwandani.

Mwaka 1866 alimwoa binamu yake Frida Löwenthal. Walizaa wana wawili, Robert na Alfred. Mond alipata uraia wa Uingereza mwaka 1880.

Sulfuri ya Widnes

Mwaka 1862 Mond alifika Uingereza, akafanya kazi katika kiwanda cha John Hutchinson mjini Widnes. Wakati ule magadi soda, yanayohitajika kutengeneza kioo na sabuni, yalipatikana kwa njia ya Leblanc. Njia hiyo ilitumia asidi sulfuriki nyingi, na karibu sulfuri yote iliishia katika taka. Taka hizo zilirundikwa nje ya viwanda kama vilima, zikatoa gesi ya sulfidi hidrojeni yenye harufu ya mayai yaliyooza. Mond alibuni njia ya kupitisha hewa katika taka na kuzitibu kwa asidi ili kurudisha sehemu ya sulfuri hiyo.

Kati ya miaka 1864 na 1867 alifanya kazi Utrecht, Uholanzi, kisha akarudi Widnes.

Brunner Mond

Mwaka 1872 Mond alikutana na Mbelgiji Ernest Solvay, aliyekuwa na njia mpya ya kupata magadi soda kutoka chumvi, amonia na kabonidioksidi. Njia hiyo haikuhitaji asidi sulfuriki wala haikuacha taka zenye sulfuri. Mond alipata haki ya kuitumia. Mwaka 1873 alishirikiana na John Brunner, aliyewahi kufanya kazi naye kwa Hutchinson, kuanzisha kiwanda huko Winnington karibu na Northwich. Miaka ya kwanza ilikuwa migumu kwa sababu mitambo iliharibika mara kwa mara, lakini baadaye kampuni ilikua kuwa kubwa katika biashara hiyo.

Mwaka 1924, baada ya kifo cha Mond, Brunner Mond iliichukua kampuni ya Magadi Soda inayochimba magadi katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Mwaka 1926 iliungana na kampuni nyingine kuunda ICI, na mwanawe Alfred akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Seli ya fueli

Ili kupata amonia kwa bei nafuu, Mond alibuni tanuri lililochoma makaa ya mawe hafifu kwa hewa na mvuke mwingi. Pamoja na amonia, lilitoa gesi yenye hidrojeni nyingi iliyoitwa gesi ya Mond. Alitaka kuigeuza gesi hiyo kuwa umeme moja kwa moja, bila injini.

William Grove alikuwa amegundua kanuni ya seli ya fueli mwaka 1839, mwaka aliozaliwa Mond. Lakini seli za Grove zilikuwa na elektroliti ya majimaji, na platini ililowa ikapoteza nguvu. Mwaka 1889 Mond na Langer walitangaza seli yenye kiwambo cha vitundu vidogo kilicholoweshwa kwa asidi sulfuriki, kikiwa na karatasi nyembamba za platini pande zote mbili. Seli moja ilitoa takriban volti 0.73.

Hata hivyo gesi ya makaa ya mawe haikuwa safi. Kabonimonoksidi na hidrokaboni zilizomo zilidhoofisha platini, hivyo ilibidi gesi ipitishwe kwanza pamoja na mvuke juu ya nikeli yenye joto. Gharama ya platini nayo ilikuwa kubwa. Seli hiyo haikuingia viwandani.

Nikeli

Wakati huohuo vali za nikeli katika mitambo ya Mond zilikuwa zikiharibika bila sababu kujulikana. Alipochunguza jambo hilo pamoja na Langer na Friedrich Quincke, alipitisha kabonimonoksidi juu ya unga wa nikeli. Mtambo ulipopoa, mwali wa gesi iliyotoka uling'aa isivyo kawaida, na kwenye chombo cha kauri kilichowekwa juu yake nikeli safi ikaganda. Hivyo mwaka 1890 walitangaza ugunduzi wa kabonili ya nikeli, ambayo hutokea kwenye joto la takriban sentigredi 50 na kuvunjika tena kwenye joto la takriban sentigredi 200.

Mond alifanya ugunduzi huo kuwa njia ya kusafisha nikeli. Kampuni ya Mond Nickel ilianzishwa mwaka 1900. Madini yalitoka Sudbury, Kanada, na kusafishwa Clydach, Wales. Kabonili ya nikeli ni sumu kali, na baadhi ya wafanyakazi wa Clydach walikufa kwa kuivuta mwaka 1902. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba wafanyakazi wa zamani wa kiwanda hicho walipata saratani ya pua na ya mapafu kuliko watu wengine.

Urithi

Mond alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1891. Aligharimia maabara ya Davy-Faraday mjini London, iliyofunguliwa mwaka 1896. Picha zake nyingi za wachoraji wa Italia ziliachwa kwa National Gallery.

Seli za fueli za oksidi imara, ambazo Emil Baur na Hans Preis walizijaribu nchini Uswisi mwaka 1937, huwa na elektroliti ya kauri na hufanya kazi kwenye joto la takriban sentigredi 600 hadi 1000. Katika joto hilo platini haihitajiki, na kabonimonoksidi inaweza kutumika kama fueli. Kwa kawaida elektrodi ya upande wa fueli ni mchanganyiko wa nikeli na kauri ya oksidi ya zirkoni. Lakini sulfidi hidrojeni, hata sehemu chache tu katika milioni, hushika uso wa nikeli na kuzuia hidrojeni isiufikie, na umeme hupungua. Sulfuri ikiwa kidogo na ya muda mfupi, nguvu huweza kurudi baada ya kupitisha gesi safi; ikizidi, madhara hubaki. Kwa hiyo gesi itokanayo na makaa ya mawe, gesi asilia au samadi husafishwa kwanza, kwa mfano kwa oksidi ya zinki inayonasa sulfuri. Hivyo kazi ya kuondoa sulfuri, ambayo Mond aliianza Widnes, bado ni sharti la kutimiza lengo lake la kupata umeme moja kwa moja kutoka gesi.