Taulo si aibu



Kama una kijana anayecheza ngumi, au wewe mwenyewe ndiye unayepanda ulingoni, tafakari ya Jumapili hii ni yako. Hapa Kingolwira, chini ya milima ya Uluguru, ngumi si habari ya mbali. Morogoro ndiyo mji wa Francis Cheka, na wapo vijana wanaoamka alfajiri kukimbia kwa sababu wanataka kufika alikofika yeye. Wengi wao hawaogopi maumivu. Wanachoogopa ni siku ya pili yake: kupita mtaani uso umevimba, na kijiwe kizima kinajua kwamba umepigwa.

Hofu hiyo tuitazame kupitia maisha ya mtu mmoja, Robert Wangila wa Kenya.

Wangila alizaliwa Nairobi mwaka 1967. Alikulia katika nchi iliyokuwa na mabondia wa kujivunia. Kabla yake alikuwapo Philip Waruinge, ambaye kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 aliishia nusu fainali na kupata shaba, lakini ndiye aliyepewa tuzo ya Val Barker, inayotolewa kwa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika mashindano. Tafakari hapo kidogo, msomaji. Aliyeonekana bora kuliko wote alikuwa miongoni mwa walioshindwa.

Miaka 20 baadaye, Wangila akiwa na umri wa miaka 21, alikwenda Seoul, Korea Kusini, na timu ya Kenya. Alifika fainali ya uzani wa welter akakutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa. Katika raundi ya pili alimwangusha kwa KO. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya ngumi za Olimpiki kwa Kenya na kwa Afrika Mashariki yote, na mpaka leo hatujapata ya pili.

Baada ya hapo akaingia ngumi za kulipwa, akaenda kutafuta maisha Marekani. Huko alishinda mapambano mengi, na mengine akapoteza. Ukiwa na medali ya dhahabu shingoni, kila pambano unalopoteza watu hulihesabu mara mbili.

Julai 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa mwamuzi Joe Cortez aliona Wangila anapokea makonde mengi mno, akasimamisha pambano. Wangila alipinga uamuzi huo. Alijiona bado anaweza. Alishuka ulingoni akiwa na fahamu zake, lakini muda si mrefu akazimia, na hakuzinduka tena. Tarehe 24 Julai alifariki dunia. Alikuwa na miaka 26.

Sisemi kwamba hofu ya kushindwa ndiyo iliyomuua. Kilichomuua ni makonde, na yaliyokuwa moyoni mwake usiku ule anayajua Mungu. Ninachotaka ukione ni hiki: mtu anaweza kusimama wima, akaongea, akadai kuendelea, na huku kifo kimeshaanza ndani ya kichwa chake. Damu inayovuja kichwani baada ya kipigo huweza kwenda taratibu. Bondia mwenyewe haioni. Ndiyo maana si yeye anayepaswa kuamua pambano liishe lini. Ni mwamuzi, daktari na mwalimu aliye kwenye kona.

Sasa fungua Injili ya Luka sura ya 14. Bwana Yesu anatoa mfano wa mfalme mwenye askari elfu kumi anayekabiliwa na mwenye elfu ishirini. Mfalme yule anaketi kwanza, anapiga hesabu, na akiona hawezi, anatuma wajumbe kutafuta amani. Bwana hamwiti mwoga. Hesabu yake inahesabiwa kuwa busara.

Kisha nenda sura ya 22, Bustani ya Gethsemane. Pale Mwana wa Mungu mwenyewe aliona uchungu hata jasho likamtoka, na hakuuficha. Aliupeleka kwa Baba kwa maombi, halafu akasimama na kwenda. Kuogopa si dhambi, kijana wangu. Hofu inayofichwa ndiyo inayoharibu, maana humfanya mtu apigane na macho ya watu badala ya kumtazama aliye mbele yake.

Basi ufanye nini? Mwambie mwalimu wako kwamba unaogopa. Mwalimu mzuri hatakucheka, atajua akufundishe nini. Kujiamini kunajengwa mazoezini: kulinda kidevu, kuhama kwa miguu, pumzi ya raundi ya mwisho. Hayo yako mikononi mwako. Maamuzi ya majaji hayako mikononi mwako, kwa hiyo usiyabebe usiku kucha. Kabla ya pambano patana na kona yako kwamba taulo likirushwa, hutagomba. Na ukiangushwa kwa KO, usirudi ulingoni mpaka daktari aruhusu, hata kama promota ana haraka na fedha zinahitajika nyumbani.

Nanyi wazazi, na sisi tunaokaa vijiweni, tunayo sehemu yetu. Kijana akirudi amepigwa, mpeni maji ya kuoga na chakula kabla ya maswali. Asione kwamba nafasi yake mezani imepotea pamoja na pambano. Akijua kwamba nyumbani anapokewa vilevile, akishinda au akishindwa, atapanda ulingoni akiwa mwepesi zaidi, na siku mwamuzi akimwambia basi, atakuwa na mahali pa kurudi.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uwalinde vijana wetu ulingoni. Wape ujasiri wa kupigana kwa haki, na unyenyekevu wa kukubali inaposemwa imetosha. Utufundishe sisi kuwapokea kama wewe unavyotupokea. Kwa jina la Yesu Kristo, amina.

Nawatakia Jumapili njema.